Nilishona sare za kijani kwa ajili ya usalama, zikakaribia kumuua mwenzangu porini Masanze

Wakuu, wakubwa zangu shikamoo, wenzangu habari za mihangaiko.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji. Ila kuna uzi niliuona juzi, watu wanabishana kuhusu usalama wa watafiti wanaokwenda field, kila mtu anataja simba na tembo. Nikaona nieleze yaliyonikuta mimi.

Hiki si kisa cha kusimuliwa. Majina nimebadilisha, na chuo sitakitaja kwa sababu bado nakula hapo. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata yale ya aibu.

Twende taratibu.

Mimi kwa kusomea ni mtu wa maabara, lakini miaka mingi kazi yangu imekuwa kupeleka watu porini. Ukiwa na utafiti wako na unataka kwenda na kurudi mzima, unanitafuta. Sijawahi kupoteza mtu, na ninaposema hivyo huwa natoa kifua kidogo. Mtanisamehe, ndivyo nilivyo.

Safari hii ilikuwa ya kupe.

Kule mpakani mwa hifadhi ya Mikumi, upande wa Kilosa, ng'ombe na wanyamapori wanakula majani jirani kabisa. Swali la utafiti lilikuwa jepesi kulisema: kupe gani wanatoka upande gani kwenda upande gani.

Kukusanya kupe hakuna ufundi mkubwa. Unachukua shuka jeupe la flana, unalifunga kwenye fito, unaliburuta juu ya nyasi hatua kadhaa, unaligeuza, unaokota kupe kwa kibano na kuwatia kwenye vichupa. Unarudia mpaka mgongo uombe msamaha.

Tulikuwa wanne. Mimi. Neema, mwanafunzi wa Masters, ambaye kazi ilikuwa yake hasa. Rama, dereva wetu. Na Mzee Saidi, mkulima mzawa wa pale Masanze, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye ofisi ya kijiji ilitupa atuongoze.

Sasa sikilizeni mipango yangu, maana sikwenda kichwa kichwa.

Mwezi mzima kabla ya safari nilikaa na daftari. Nilipiga simu zahanati na hospitali zote za njia ile, kuanzia Kilosa mpaka Mikumi mjini, nauliza kitu kimoja tu: dawa ya sumu ya nyoka mnayo leo, na friji inafanya kazi? Kuna walionicheka. Nikapata sehemu mbili waliosema ipo, nikaandika namba zao kwa maka peni kwenye dashibodi ya gari. Hili nitajisifia mpaka nazeeka.

Nikapanga Rama abaki na gari kila siku, na sisi tutoe taarifa kila baada ya saa mbili. Zikipita tatu kimya, anakuja na watu. Sanduku la huduma ya kwanza likajazwa. Viatu vya ngozi vya juu, gloves, maji, filimbi, kila kitu kikaandikwa kwenye fomu na kusainiwa.

Halafu likaja suala la sare.

Wakuu, mnajua miradi yetu. Mradi bila fulana na kofia si mradi. Nikasema safari hii hakuna fulana za kuchapa, tunashona nguo za kazi. Mikono mirefu, suruali nzito, mifuko minne. Nikaenda kwa fundi wangu Morogoro mjini, nikachagua kitambaa cha kijani kilichokoza. Fundi akaniuliza kama aweke na vile vishikizo vya mabegani, nikamwambia weka, mkanda wa begi utakaa vizuri. Begani tukashona nembo ya mradi.

Neema alisema jambo. Alisema kwa kazi ya kupe inafaa nguo za rangi nyepesi ili kupe akikupanda umwone. Alikuwa sahihi, na hilo liko kwenye vitabu. Nikamjibu kwamba shuka ndilo jeupe, sisi tuvae kama watu wa porini. Ikapita, maana mimi ndiye niliyekuwa na uzoefu.

Siku tulipozivaa mara ya kwanza tulipiga picha pale tulipofikia. Nikajiangalia kwenye simu nikajisemea, hapa sasa kuna timu.

Mko pamoja? Haya.

Kijijini tulipokewa vizuri sana. Barua za wilaya tulikuwa nazo, mihuri yote. Ukaitishwa mkutano tutambulishwe, na siku niliichagua mimi mwenyewe kulingana na ratiba yetu. Wakulima walikuja wengi. Wafugaji, hasa hawa ndugu zetu Wasukuma waliohamia miaka ya karibuni na kujenga kuelekea porini, hakuja hata mmoja. Nikaambiwa ile ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Nikasema hakuna shida, tutawakuta makwao.

Hatukuwakuta.

Siku ya kwanza tulipita kwenye boma moja, moto unawaka jikoni, sufuria juu ya mafiga, hakuna mtu. Siku ya pili boma jingine, ndama wamefungwa, binadamu hakuna. Kwenye daftari langu niliandika "wafugaji wako machungani". Nimelihifadhi lile daftari. Nikilisoma leo nacheka peke yangu, na si kicheko cha raha.

Kulikuwa na dalili nyingine, na hii ndiyo inaniuma.

Mzee Saidi tulimpa na yeye shati. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Lakini nikagundua kila tukikaribia maboma ya wafugaji analivua, analikunja vizuri, analitia kwenye mfuko wa rambo, anabaki na shati lake la drafti. Tukishapita analivaa tena. Nikadhani anaogopa litachafuka, labda analiweka kwa ajili ya Ijumaa msikitini.

Siku ya tatu nikamwita pembeni. Nikaanza na shikamoo kama kawaida, akaitikia marahaba, halafu nikamweleza kwa upole lakini kwa mkazo kwamba lile shati ni kifaa cha kujikinga, na taratibu zetu zinataka kila mtu alivae muda wote wa kazi. Yaani mtoto wa juzi namfundisha mzee kuvaa.

Alinitazama kidogo. Akasema, "Sawa, mwanangu." Akalifunga vifungo mpaka juu.

Jioni ile nikajaza kwenye fomu: imerekebishwa.

Tukafika siku ya tano.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Gari tulikuwa tumeliacha ng'ambo ya korongo, mwendo wa kilomita nne hivi, kwa sababu maji yalikuwa yamekula njia. Mtandao wa simu pale ni wa kuwinda, na uwandani haukuwepo kabisa. Tulikuwa kwenye uwanda wa nyasi za kufika magotini, Neema anaburuta shuka, mimi naandika, Mzee Saidi anatazama mbele.

Neema akafika mwisho wa mstari, akalaza shuka, akachuchumaa kuligeuza. Akaingiza mkono chini ya pindo.

Sikusikia kelele. Nilisikia tu amesema "Kaka" kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilipogeuka amekaa chini ameushika mkono wake wa kulia, na kifutu, mnene, mfupi, anajivuta taratibu kuingia kwenye nyasi kama mtu asiye na haraka na lolote.

Kwa wasiomjua, kifutu ni yule nyoka ambaye hakimbii. Ukimkanyaga au ukimfunika anakugonga palepale alipolala. Gloves zetu zilikuwa nyepesi, za kuzuia kupe. Meno yalipita.

Hapo nashukuru mafunzo. Nikamlaza, nikamvua saa na pete ya uchumba kabla mkono haujavimba, nikautuliza ule mkono kwa kitambaa shingoni, nikamwambia asinyanyuke wala asitembee hatua moja. Kidole cha shahada kilikuwa kimeshaanza kubadilika rangi. Jasho linamtoka na anajitahidi kunitania kwamba angalau kupe wa mstari ule wasipotee.

(Naona mdau hapo chini ameshauliza kwa nini sikumfunga kamba mkono au kumchanja sumu itoke. Mkuu, usifanye hivyo. Kufunga kamba kwa sumu ya kifutu unaweza ukaupoteza mkono wote, na kuchanja unaongeza kidonda tu. Mtulize, vua pete na bangili, asitembee, mfikishe hospitali yenye dawa. Basi. Tuendelee.)

Tatizo likawa usafiri. Kilomita nne, mgonjwa hatakiwi kutembea, wabebaji ni wawili na mmoja ni mzee. Tungefika, ila kwa kuchelewa sana. Na Rama asingeshtuka kabla ya zile saa tatu za ukimya kupita.

Lakini mbele yetu, umbali wa viwanja vitatu hivi vya mpira, kulikuwa na boma. Na nje ya boma imeegeshwa pikipiki nyekundu. Niliiona kwa macho yangu, na mtu amesimama karibu nayo.

Nikamwachia Mzee Saidi mgonjwa, nikatoka mbio. Nilisikia ananiita nyuma, sikugeuka. Nilidhani ananihimiza.

Wakuu, mimi na sare yangu, vishikizo mabegani, viatu vya ngozi, natokea porini nakimbilia boma la mfugaji huku napuliza filimbi.

Yule mtu alipoinua kichwa na kuniona, alipiga pikipiki kiki moja akaondoka nayo. Wanawake wawili wakatokea upande wa pili na watoto, wakapotelea kwenye mahindi. Mbali kidogo nikaona ng'ombe wanaswagwa kwa kasi, vumbi juu. Nikapunga mikono, nikaita "Naombeni msaada, nina mgonjwa." Nilivyozidi kuita ndivyo walivyozidi kukimbia.

Nikasimama katikati ya uwanda. Pikipiki naisikia inaishilia.

Sijawahi kuogopa vile. Nimeshakaa kwenye gari tembo akitikisa bampa, nimeshaugua malaria kali nikiwa peke yangu kwenye hema, lakini ile sauti ya pikipiki ikiondoka ilizidi yote. Nikamwona akilini mama yake Neema, ambaye nilimwahidi kwa simu kwamba mtoto yuko mikono salama.

Nikarudi kwa Mzee Saidi nahema. Nikamuuliza kwa nini wale watu wanakimbia. Alikuwa ameshavua lile shati, amemkunjia Neema chini ya kichwa kama mto.

Akaniambia taratibu kwamba kwa watu wale, mtu wa kijani anayetokea porini ni askari wa hifadhi, na askari akija ng'ombe wanakwenda. Na miezi michache nyuma walipita matapeli wamevaa hivihivi, wakajifanya ni askari, wakaondoka na mifugo ya watu. Tangu hapo wakiona kijani hawasubiri salamu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo.

Akasema, "Nilidhani mnajua. Nilidhani ndivyo mnavyotaka muonekane."

Wakuu, yeye alishalisema jambo lile kila siku kwa kulivua shati mbele ya macho yangu. Mimi nikamwandikia amerekebishwa.

Hakukuwa na muda wa kujilaumu. Mzee Saidi alitaka aende yeye bomani, lakini akasema ukweli mwingine: na yule mwenye pikipiki, anayeitwa Masanja, hawasemezani tangu msimu uliopita, ng'ombe waliingia kwenye mahindi yake na wakafikishana kwenye baraza la kata. Akienda yeye anaweza akaonekana amewaletea hao askari.

Basi nikavua shati. Suruali nayo ilikuwa kijani, nikavua. Nikabaki na singlendi na bukta ya ndani. Nikafungua lile shuka jeupe kwenye fito, nikajifunga kiunoni na kupe wake wote, nikaelekea bomani kwa kutembea, mikono nimeiacha wazi pembeni.

Neema akiwa pale chini na maumivu yake alicheka. Ananikumbusha mpaka leo.

Bomani alibaki mtu mmoja, bibi ambaye miguu haikumruhusu kukimbia. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo mapajani, ananitazama ninavyokuja. Jina lake Bibi Kabula, na ndiye mama yake Masanja.

Nikasimama mbali, nikainama, nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Nikajaribu "mwangaluka", neno moja la Kisukuma ninalolijua. Akaitika hilo kwa kunung'unika, halafu akaja kwenye Kiswahili.

"Wewe ndiye uliyekuwa unakimbia na nguo za kijani?"

Ningeweza kukataa. Nikasema ndiye mimi, Bibi, na si askari. Natafuta kupe. Mwenzangu amegongwa na nyoka, yuko pale nyasini, nikichelewa atakufa, na mwenye pikipiki amenikimbia kwa kosa langu mimi.

Akaliangalia shuka. Kulikuwa na kupe wawili wanapanda, akawaona.

"Waliovaa kama wewe waliondoka na ndama wangu wawili," akasema. "Mmoja alikuwa wa mjukuu wangu." Kisha akauliza mgonjwa ni mwanamke au mwanaume. Nikamjibu ni msichana, mtoto wa watu, anasoma.

Akatoa kisimu chake cha kitochi kifuani, akanyoosha fimbo kunionyesha kichuguu nyuma ya zizi. Mtandao unapatikana pale juu tu. Nikamsaidia kupanda, yeye ananiegemea mimi na shuka langu, akampigia mwanawe. Kisukuma chake sikukielewa, lakini sauti niliielewa. Alikuwa hamuombi.

Masanja alirudi. Alisimamisha pikipiki mbali, injini inaunguruma, akatutazama mimi na mama yake. Halafu akaenda moja kwa moja mpaka alipolala Neema, nami nikamfuata kwa mbio na shuka nimelishika. Alimkuta Mzee Saidi anampepea kwa kofia.

Hawa watu wawili hawajasalimiana karibu mwaka. Masanja akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba. Kwa pale hilo ndilo lilikuwa jambo kubwa kuliko maneno yoyote.

Ila Masanja alikuwa na sharti moja. "Hiyo kijani haipandi kwenye pikipiki yangu."

Nilianza kuona kama ananitesa, nikaelewa baadaye. Njia ya kwenda korongoni inapita kwenye maboma mengine manne. Wakimwona amepakia watu wa kijani, kesho yeye ndiye anayewaonyesha askari njia, na hapo hana pa kuishi. Kumbe naye alikuwa anajiweka hatarini kwa ajili yetu, na anafanya hesabu zake za usalama vizuri kuliko mimi na fomu zangu.

Bibi Kabula alikuwa amefika akichechemea, akajitanda kanga moja na nyingine akatoa. Neema akavuliwa lile shati, ndani alikuwa na fulana, akafunikwa kanga mpaka miguuni. Tukapanda mshikaki: Masanja mbele, Neema katikati, mimi nyuma nimeushika mkono wake usitikisike, singlendi na shuka vinapepea. Kila boma tulilopita Masanja alipunguza mwendo, akapaza sauti kwa Kisukuma, watu wakachungulia.

Korongoni alimbeba Neema mgongoni akavuka naye, maji yanafika magotini. Rama alipoona mwanaume asiyemjua anatoka majini na Neema mgongoni, na mimi nyuma nimejifunga shuka, alishika spana. Nikamwambia iache, washa gari, piga namba ya kwanza kwenye dashibodi.

Tulipopata mtandao alipiga. Wakasema wanatuandalia.

Hospitali tulifika hatujamaliza saa mbili tangu agongwe. Mkono ulikuwa umevimba mpaka juu ya kiwiko. Nesi alituangalia mlangoni akauliza mgonjwa ni nani kati yetu, nikajua nilivyo. Dawa ilikuwepo. Aliwekewa palepale.

Neema alilala wodini siku tisa. Ngozi ya kidole ilioza sehemu, wakamsafisha mara mbili, lakini mkono ukabaki wake. Kile kidole mpaka leo hakikunji vizuri, kalamu anaishika kwa namna yake. Masters kamaliza. Kwenye ukurasa wa shukrani kamweka Bibi Kabula juu ya msimamizi wake na juu yangu mimi. Ni sawa kabisa.

Mama yake nilimpigia mwenyewe nikamweleza kila kitu, na suala la sare. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Akasema ahsante kwa kusema. Nilipokata simu nililia, na sioni aibu kuandika hapa.

Wiki tatu baadaye nikarudi Masanze. Safari hii niliuliza kwanza siku ya mnada ni ipi, ndipo nikaomba mkutano. Wafugaji wakaja, wakakaa upande wao, wakulima upande wao. Nikasimama, nikaomba radhi, halafu nikauliza swali ambalo kwa miaka yangu yote ya field sijawahi kumuuliza mtu: tuvae nini?

Aisee, mjadala uliwaka.

Bluu nikakataa mwenyewe, inaita mbung'o. Nyeusi vilevile. Nyeupe wakasema ni watu wa chanjo, watoto watakimbia. Njano mmoja akasema tutaonekana watu wa siasa, mwingine akatetea, mwenyekiti akaomba tusiingie huko. Nyekundu nayo ikaangukia hukohuko. Kaki wakasema ni polisi wa zamani. Sikuwahi kujua kwamba nchi hii kila rangi ina mwenyewe.

Mwisho Bibi Kabula akasema pinki. Hakuna mwizi wala askari aliyewahi kuja na pinki.

Watu walicheka, lakini ikapita. Leo hii ukikutana na wanaume wawili watu wazima wamevaa mashati ya pinki wanaburuta shuka kwenye nyasi kule, ujue ni mimi na Mzee Saidi. Kupe wanaonekana vizuri juu yake, Neema hajaacha kunikumbusha. Na maboma hayako tupu tena. Tunapewa maziwa mpaka matumbo hayana nafasi.

Fomu yangu ya usalama bado ndefu, ila swali la kwanza kabisa juu ni hili, nalo nimelipata kwa Mzee Saidi: wenyeji wakiniona kwa mbali, watadhani mimi ni nani? Na chini yake: je, nimewauliza? Maana msaada wa kwanza ukipata ajali porini si sanduku lako, ni mtu wa boma la karibu. Na ukiona mwenyeji wako anafanya jambo usilolielewa kila siku, usimrekebishe, muulize.

Nimalizie na moja.

Zile sare za kijani tulizivua pale nyasini na kuziacha. Mzee Saidi ndiye aliyeziokota na vifaa vyetu. Alirudisha kila kitu, vichupa, vibano, mpaka ile filimbi. Akaniomba shati moja tu, lile langu. Nikampa, sikuuliza la nini.

Msimu huu nimepita shambani kwake asubuhi moja, peke yangu, na pinki yangu. Nikakata kona kwenye mahindi, na mbele yangu hatua ishirini amesimama mtu wa kijani, mabega mapana, vishikizo mabegani, ananitazama.

Miguu iligoma palepale. Nikaanza kujiuliza nimekosea nini, kibali kiko kwenye begi gani, nianze kusema nini. Ilinichukua muda kuona kwamba ni fito mbili na kofia kuukuu.

Mzee Saidi ameweka sanamu hiyo pale kulinda mahindi. Anasema mwaka huu hakuna ng'ombe aliyekanyaga. Masanja mwenyewe, ambaye siku hizi wanasalimiana vizuri, kaniambia anajua fika kwamba ni fito, na bado kundi lake analizungushia mbali.

Lile shati nililichagua mimi, nikalipia mimi, nikapiga nalo picha nikitabasamu. Sikuwahi kuliona kutoka upande ule mpaka asubuhi ile.

Wakuu, ndivyo ilivyokuwa. Wale mlioko kwenye sensa, afya, misitu, upimaji, mmewahi kuvaa kitu kikawaponza bila kujua? Na wale mnaoishi maeneo ya mipakani mwa hifadhi, semeni, sisi watu wa vyuoni mkituona tunakuja huwa mnatuona kama nani? Nipo, nasoma kila comment. Wa kunicheka kwa shuka pia karibuni, nimeshazoea.